Kulitoa darasa kwenda kuisaka historia ya mtaa: mwongozo kwa walimu wa Mwanza

Mwanafunzi wa darasa la sita hapa Mwanza atakutajia bila kusita kwamba Speke, mpelelezi Mwingereza, alilifikia Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti 1858. Mwulize nani alikuwa akitawala pale Speke alipofika, ataangalia dari. Na jibu limo kwenye maandishi ya Speke mwenyewe: anamtaja mtawala aitwaye Mahaya, anamtaja mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekwisha kuweka makazi, na katika msafara wake alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Wayao. Habari za ziwa lenyewe alizisikia akiwa bado Tabora, kutoka kwa Waarabu waliokuwa na biashara zao huku. Yaani kila mtu alikuwa analijua ziwa isipokuwa yeye.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuziba pengo hilo kwa miguu: kulitoa darasa asubuhi moja, kuingia mtaani, kukaa na watu wanaolijua eneo lao, na kurudi na kitu kilichoandikwa. Bajeti kubwa haihitajiki. Kinachohitajika ni maandalizi ya kama mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya mwezi huo ni ya kuzungumza na wazee. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linakupa mlango rasmi, kwa hiyo hakuna atakayekuambia umewapeleka watoto matembezi.

Chagua njia moja, tena fupi

Kilomita mbili hadi tatu kwenda na kurudi zinatosha. Vituo vitatu, visizidi vinne. Tamaa ya kuonyesha kila kitu ndiyo huharibu safari za namna hii: watoto wanakimbizwa toka sehemu moja kwenda nyingine, mzee anakatizwa katikati ya maneno, na jioni hakuna anayekumbuka chochote zaidi ya jua.

Njia inategemea shule ilipo. Shule za katikati ya jiji zinaweza kuanzia ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, pale Jiwe la Bismarck linapoonekana, kisha kupanda mjini hadi mnara wa saa na kupitia Makoroboi. Au zishuke stesheni ya reli, ambako treni kutoka Tabora ilifika mara ya kwanza mwaka 1928. Shule za Kirumba na Kitangiri zina soko la Mwaloni jirani. Za Igombe na Kayenze zina mialo yao (fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki), na kwa maoni yangu hizo ndizo zenye bahati kuliko zote. Shule ya Igoma iko karibu na makaburi ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Za Kisesa zinaweza kupanda kwa miguu hadi Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Usichanganye njia hizi kwa siku moja. Bujora peke yake inamaliza asubuhi.

Ukishachagua, itembee mwenyewe, siku ileile ya wiki na saa ileile utakayotoka na darasa. Barabara ya Jumapili si barabara ya Jumatano. Tafuta vitu vinne: choo ambacho mwenyewe amekubali kitumike, kivuli, sehemu salama ya kuvuka, na mahali ambapo darasa zima linaweza kukaa chini bila kuziba biashara ya mtu. Halafu uzidishe muda wako mara mbili. Watoto arobaini hawatembei kama mtu mmoja mwenye haraka zake.

Kalenda nayo ina la kusema. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za mlimani kuwa mifereji, na Juni shule hufungwa. Mimi huchagua kati ya mwisho wa Julai na Septemba. Kama njia yako inapita mwaloni, angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hukaa, na mwalo unapooza kwa siku kadhaa. Ukitaka watoto waone kazi ikiendelea, nenda wakati wa giza. Ukitaka wavuvi wenye nafasi ya kuzungumza, nenda mbalamwezi. Huwezi kupata vyote viwili.

Wazee kwanza

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Jiwe halijibu swali. Mnara wa saa una kibao kinachomtaja Speke, na kibao hakina la kuongeza. Anayeweza kumwambia mtoto nani alikuwa akilima pale penye benki leo ni mtu, na mtu huyo ana taratibu zake.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, hata kama mzee unayemtaka unamfahamu tayari. Ukimruka, utakuja kuambiwa siku ya safari kwamba ofisi haina taarifa. Mweleze unachotafuta kwa maneno ya kawaida: watu wawili au watatu waliokaa hapa muda mrefu, wenye nguvu ya kuzungumza, wanaopenda watoto. Atakupa majina. Yote yatakuwa ya wanaume waliowahi kuwa viongozi, hakika kabisa, kwa hiyo mwombe pia bibi mmoja aliyefanya biashara ya samaki au aliyelima kabla nyumba hazijajaa. Mwombe na mtu ambaye hakuzaliwa hapa ila amezeekea hapa: Mhaya aliyekuja kwa meli, Mkerewe, Mjaluo, mstaafu wa reli aliyeshuka na treni kutoka Tabora. Wasukuma ndio wenyeji wa upande huu wa ziwa, na historia yao ndiyo msingi wa safari. Lakini mtaa wa Mwanza umejengwa na wengi, na darasa lako lina watoto wa hao wote.

Nenda nyumbani kwa mzee bila darasa, angalau mara moja, na usifike na daftari mkononi. Salimia inavyostahili. Kwa mzee wa Kisukuma, "Mwangaluka, baba" ya asubuhi au "Mwadila" ya mchana inafungua mengi, hata kama baada ya hapo mtaendelea kwa Kiswahili. Salamu zenyewe ni ndefu. Atauliza nyumbani, watoto, ulikotoka. Ziache ziende mwendo wake. Kisha sema shida yako.

Katika mazungumzo hayo kuna mambo matatu ya kutoka nayo. La kwanza, anajua nini kwa macho yake na nini kwa kusimuliwa. Mzee aliyezaliwa 1945 alikuwa mtoto wa miaka tisa TANU ilipopigwa marufuku Usukuma mwaka 1954, na wa miaka kumi na mitatu wakati wa vurugu za Geita za 1958. Habari za Wajerumani hakuziona. Alizipata kwa babu yake. Zote zina thamani, ila watoto wafundishwe kuzitenganisha.

La pili, nini hapendi kusema mbele ya watoto. Kuna vilima na miti ambayo ukoo fulani ulifanyia matambiko, na mwenye ukoo anaweza kukuonyesha wewe lakini asitake kundi la watoto lipande pale. Akisema hapana, njia yako ipite kwingine. Usimwombe akufikirie.

La tatu, asante yake itakuwaje. Desturi yetu haiendi kwa mzee mikono mitupu: sukari, sabuni, chumvi, au nauli kama atatoka mbali. Mpe kabla au baada ya siku yenyewe, si mbele ya watoto, na usifanye bei ya hadithi. Ukilipa kwa hadithi, utaletewa hadithi nyingi.

Kuna onyo moja ambalo sitalipunguza makali. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino kwa sababu ya imani za uchawi. Mtoto akimuuliza bibi kwa utani, mbele ya majirani, kama anawajua wachawi wa mtaa, hujui maneno hayo yatasafiri hadi wapi. Waambie wanafunzi wazi kabla ya kutoka: uchawi hauulizwi. Simulizi za Mwanamalundi, anayesemwa alinyoosha kidole miti ikakauka, zitakuja zenyewe, na ni sawa. Hizo ni simulizi za mtu maarufu wa zamani, hazimnyooshei jirani kidole.

Ruhusa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu unaijua. Mwalimu mkuu kwanza, kisha Afisa Elimu Kata ajulishwe kwa maandishi, ofisi ya mtaa mnakopita, na wazazi. Ukienda mwaloni, zungumza na uongozi wa mwalo. Ukienda Bujora, wasiliana nao mapema kuhusu kiingilio na mwongozaji. Barua ya mzazi isizidi nusu ukurasa:

*Mzazi/Mlezi wa ……, darasa la sita litatembea kwa miguu siku ya …… kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 5:30, kujifunza historia ya mtaa wetu kutoka kwa wazee na wafanyakazi. Hatutaingia majini wala kupanda chombo chochote. Mtoto aje na maji ya kunywa, kofia na viatu vya kufunga. Hakuna mchango wa fedha. Je, unakubali mtoto wako aende? Je, unakubali apigwe picha kwa matumizi ya shule tu? Kama familia yenu ina mzee au kumbukumbu ya zamani ya mtaa huu, tafadhali tuandikie hapa chini.*

Mstari huo wa mwisho ndio utakaokushangaza. Wazazi wengi hawaandiki chochote, lakini wapo watakaokuja shuleni wenyewe kusema baba yao alikuwa kuli bandarini.

Wiki ya kujiandaa darasani

Vipindi vitatu vinatosha. Cha kwanza, wanafunzi wachore ramani ya mtaa kwa kumbukumbu, kila mmoja ya kwake, bila kutazama simu. Ramani hizi zitakuonyesha wanachokiona: duka, kituo cha bodaboda, msikiti, kanisa, uwanja. Ziweke. Utazihitaji baada ya safari.

Cha pili, historia yenyewe kwa ufupi, ili wasiende wakiwa watupu. Waeleze kwamba Usukuma haukuwa na mfalme mmoja: ulikuwa na tawala nyingi, kila moja na mtemi wake na ngoma zake za utawala, na utemi ulifutwa kisheria baada ya uhuru. Waeleze kwamba Wajerumani waliweka kituo hapa mwaka 1892, na Waingereza wakauchukua mji 1916. Kisha nenda kwenye pamba, ambayo vitabu huipitia juujuu ilhali ndiyo iliyojenga maghala, barabara na karo za shule. Wakulima wa kanda hii walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wachuuzi, wakaunda vyama vyao vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na muungano mmoja mkubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri. Mtoto ambaye babu yake alikuwa karani wa ushirika atakaa wima ghafla.

Usiulize darasani "nani hapa ni Msukuma?" Utakuwa umeligawa darasa kabla hamjatoka. Uliza hivi: familia yenu ilifika mtaa huu lini, na ilikuja kwa njia gani, treni, meli, lori au miguu? Na wale ambao hawakuja kutoka popote, babu zao walikuwa wakifanya nini hapa? Swali hilo linampa kila mtoto nafasi, na wenyeji bado wanaonekana kuwa wenyeji.

Cha tatu, maswali na adabu. Wafundishe kusalimia: shikamoo, kisha kungoja marahaba, kisha kujitaja jina. Kwa bibi, anayejua kupiga goti kidogo asione haya. Wafundishe pia "wabeja" ya kushukuru. Halafu wafanyie mazoezi maswali wawili wawili. Swali kama "Maisha ya zamani yalikuwaje?" huzaa jibu la "yalikuwa mazuri, watoto walikuwa na heshima," na hapo umekwisha. Maswali yanayozaa ni madogo:

- Ulipokuwa na umri wangu, mlikula samaki gani nyumbani?
- Maji ya kunywa mliyachota wapi? Nani aliyachota?
- Ziwa lilifika wapi mwaka ambao maji yalijaa sana?
- Nyumba ya jirani yenu ilikuwa umbali gani?
- Kazi gani ilikuwapo hapa ambayo sasa haipo?
- Mlicheza nini, na mlikatazwa kucheza wapi?

Swali la samaki nimeliweka juu kwa makusudi. Kwa mtoto wa leo samaki wa ziwa ni sangara, sato na dagaa. Bibi wa miaka sitini na kitu anakumbuka furu, wale wadogo wa rangi rangi waliotungwa kwenye ujiti. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa upande wetu, furu wakapungua vibaya. Mwalimu akieleza hivyo ubaoni, inabaki taarifa. Bibi akinyoosha kidole chake cha shahada na kusema furu alikuwa hivi, na nyumbani mtoto alipewa watatu na ugali wa mtama, hapo darasa linaanza kuuliza lenyewe.

Siku yenyewe

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Kila kundi la watoto wanane hadi kumi liwe na mtu mzima wake, mwalimu au mzazi, naye abaki na kundi lake hadi mwisho. Wape watoto kazi: mwulizaji, mwandishi, mchoraji, mtunza saa, na mmoja wa kuhesabu wenzake kila mnapoondoka kituoni. Asiye na kazi atatafuta ya kwake.

Barabarani, mistari miwili, upande mmoja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Bodaboda ndizo za kuogopwa zaidi hapa mjini, kwa sababu hupita hata pale ambapo hukutegemea kitu kupita. Mkivuka, vukeni wote kwa mara moja baada ya magari kusimamishwa pande zote, si kwa mafungu.

Ufukweni, hakuna mtoto kugusa maji. Hata kuosha miguu, hata kuokota kombe. Ziwa hili lina kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Wavuvi watakuambia hapa hamna shida, wenyewe wakiwa wamesimama majini hadi magotini. Tabasamu, shukuru, rudisha watoto nyuma.

Mkifika kwenye kituo

Kila kituo kianze kwa kimya cha dakika mbili: kaa, tazama, andika vitu vitatu unavyoviona na kimoja unachokisikia. Baada ya hapo mwenyeji azungumze. Mwalimu azungumze mwisho, na kidogo. Najua ni vigumu.

Kwenye Jiwe la Bismarck, jina ndilo somo. Jiwe ni la kale kupita hesabu. Matale (graniti) ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Jina lake ni la chansela wa Ujerumani, limekaa hapo kama vumbi juu ya kabati. Mwombe mzee awaambie wavuvi na akina mama waliyaitaje mawe ya ufukwe huu, na walifanya nini juu yake: kuanika, kufua, kungoja mitumbwi. Kama hakumbuki jina la zamani, msilibuni. Andikeni kwamba hakulikumbuka, mumwulize mwingine.

Makoroboi ni eneo ambalo mafundi waligeuza makopo na mabati chakavu kuwa taa za mafuta, upawa na vyombo vingine vya nyumbani. Ukimpata fundi bati aliyeko kazini, mwombe atengeneze koroboi moja tangu mwanzo, nawe ulinunue. Watoto wakae karibu, wasiguse. Mkasi unakata kopo la maziwa, bati linajikunja na kulia. Anazungushia kipande cha bati cha mdomo wa utambi kwenye msumari mnene, anaziba kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa, anapuliza ndani kuona kama kinavuja. Dakika ishirini. Mtoto ambaye kwao umeme umewaka tangu azaliwe atauliza mwanga wake ulifika wapi, na hapo mzee aeleze jinsi watoto wa nyumba tatu walivyosomea taa moja. Hiyo ni historia ya watu hawa hawa, haina haja ya boma la Mjerumani.

Mwaloni, kazi ndiyo inayozungumza. Kwenye mialo midogo watoto wataona dagaa wakianikwa, wengine kwenye chanja, wengine mchangani, na akina mama wakiwageuza kwa mikono. Mtu mzima awaeleze kwa nini wa kwenye chanja wana bei nzuri zaidi: hawana mchanga. Kirumba wataona magunia yakipokelewa kutoka visiwani na kupakiwa kwenda mbali, hadi Kongo. Mwulizeni mvuvi mzee kuhusu karabai, zile taa za pampu zilizovulia dagaa kabla ya taa za betri na sola. Usisimamishe mtu anayepima mzigo. Dakika ya mfanyabiashara ni fedha yake, na darasa likisimama mlangoni pa mizani litaondoka na matusi.

Bujora ina mwongozaji wake, kwa hiyo kazi yako ni kupunguza. Makumbusho yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na yana nyumba ya Kisukuma, ngoma za watemi, vifaa vya wahunzi na vya waganga. Na kanisa lenyewe lilijengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma. Chagua mambo mawili. Mimi ningechukua kwanza hesabu: kuna maonyesho ya namna makundi ya rika mbalimbali yalivyohesabu moja hadi kumi kila kundi kwa maneno yake, wengine wasielewe. Watoto hulikariri papo hapo na kulitumia wiki nzima. La pili, ushindani wa ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, ambao huonekana mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni. Kama kuna kikundi cha bugobogobo, ngoma ya kulimia, jirani kilicho tayari kuja na majembe yake, waombe wacheze, kisha wakuelezee wimbo ulisaidiaje kulima shamba la mtu mmoja kwa nguvu za wengi.

Igoma nenda na darasa la wakubwa tu, na uulize kwanza kimyakimya kama kuna mtoto ambaye familia yao ilipoteza mtu. Huko hakuna maswali ya kundi. Wasome majina, wakae, waondoke.

Kurekodi

Simu moja ya mwalimu inatosha. Mwulize mzee kabla ya kuwasha: nirekodi sauti? Nipige picha? Picha ikae wapi? Majibu matatu, yaandike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe; sauti ya mzee na sura ya mtoto si vya kurushwa kwenye kundi la wazazi, achilia mbali mtandaoni, bila ridhaa. Daftari la mtoto lina faida kuliko simu hata hivyo. Anayeandika anachagua, na ukisoma alichochagua utajua alisikia nini.

Kupanga miaka

Mkirudi mtakuwa na masimulizi yasiyo na tarehe. "Zamani sana." "Kabla hawajajenga." Hapa ndipo somo la historia linapokuwa kazi ya mikono. Chora mstari ukutani na uweke matukio ambayo kila mzee anayakumbuka: mvua kubwa za uhuru, 1961 na kuendelea, ziwa lilipopanda kupita mita mbili, Muungano, 1964, kuhamishiwa vijijini, katikati ya miaka ya 1970, Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara kujaa, MV Bukoba, 1996, maji kupanda tena, 2020. Kisha kila simulizi ipate nafasi yake. Bibi alisema alikuwa anamnyonyesha kifungua mimba wakati wa vita? Basi ndoa yake na shamba lake la pamba vinapata mwaka wa kukadiria.

Wazee wawili watapingana. Mmoja atasema soko lilianzia hapa, mwingine kule. Usiamue wewe. Andikeni yote mawili na jina la aliyesema, halafu mwulize wa tatu, au mtazame kitu kinachoonekana: msingi wa nyumba, mwembe wa umri gani, alama ya maji kwenye jiwe.

Sasa rudisha zile ramani za wiki ya kujiandaa, na kila mtoto achore upya mtaa wake kwa kalamu ya rangi nyingine juu ya ile ya zamani. Kisima kitatokea. Shamba la bibi litatokea chini ya kituo cha mafuta.

Kurudisha kwa wenyewe

Hili halirukwi. Ndani ya wiki mbili, wanafunzi wanne na mwalimu warudi kwa kila mzee, wamsomee kile walichoandika kutoka kwake, kwa sauti. Atasahihisha majina ya watu na vilima, ataondoa jambo alilolisema kwa bahati mbaya, na mara nyingi ataongeza lile kubwa alilolisahau siku ya kelele. Aachiwe nakala iliyoandikwa vizuri kwa mkono. Nyingine ibaki ofisi ya mtaa, nyingine kwenye maktaba ya shule au kabati la mwalimu mkuu kama maktaba hakuna. Ramani kubwa ya darasa ibandikwe mahali wazazi wanapokaa kwenye mkutano. Watakuja kuibishia, na mabishano hayo yaandikwe pembeni yake kwa penseli.

Mwisho, fungua daftari moja la maswali yasiyopata jibu na ulikabidhi kwa mwalimu atakayelipokea darasa la sita mwaka unaofuata. Yeye aanze na hayo, asirudie njia yenu. La kwetu linaanza na swali la kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambalo wazee wote watatu walilijibu tofauti: kabla ya bomba, mwaka wa kiangazi kikali, mtaa mzima ulichota maji wapi, na nani alikuwa na haki ya kumzuia mwenzake kuchota?